Nilivyonasa Kwenye Mkao wa Njiwa Mbele ya Mkwe

Ndiyo, ni mimi. Yule mama mnayemsikia sokoni na kwenye foleni ya mashine ya kusaga, eti alinasa sakafuni pale ukumbini Kanyenye, mguu mmoja mbele mwingine nyuma, kanga imeenda zake, mpaka mkwe wake akaitwa kumtoa, ni mimi Mama Nyamizi, fundi cherehani, mwenye nyonga moja ya kuzaliwa nayo na nyingine ya kuwekewa. Sikatai. Aibu niliipata, tena ya kutosha kuwagawia na majirani, lakini kwa kuwa kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake (juzi nimesikia eti waliitwa zimamoto, jamani, zimamoto!), nimeona bora niwasimulie mwenyewe, na wa kucheka acheke nikiwa nipo.

Tuanze na hiyo nyonga. Miaka zaidi ya thelathini nimekanyaga cherehani, sare za kwaya za nusu ya Tabora zimepita mikononi mwangu, na nyonga ya kulia ndiyo iliyolipa gharama, ikaanza kuuma kidogo, ikauma sana, mwisho nikawa natembea kama bata aliyeshiba. Mwaka jana wanangu wakajichanga wakanipeleka Mwanza, nikabadilishwa nyonga, nikarudi na magongo mawili, baadaye moja, baadaye mkono mtupu. Kanyenye nzima ikaja kuniona, na maswali niliyoulizwa hayo hata daktari hakuwa nayo. Kuna mama mmoja aliniuliza kwa upole kabisa kama wakati wa mvua sivuti radi kwa hicho chuma. Nikamwambia navuta, kwa hiyo asikae karibu nami.

Aliyenirudisha kwenye miguu ni Mwalimu Pelagia. Huyu ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, amefanya kazi hospitali miaka mingi, na kila Jumamosi asubuhi anatufundisha akina mama wa makamo pale ukumbini, anachanganya yoga na pilatesi, bila makelele wala muziki wa kutoboa masikio. Maneno yalisemwa. Wengine walisema yoga ni kuabudu mizimu ya watu, wengine wakasema pilatesi ni mazoezi ya Pontio Pilato na Mkristo hatakiwi kuyagusa. Mwalimu Pelagia, ambaye misa ya asubuhi haimpiti, aliwajibu kwamba yeye anafundisha watu kupumua na kusimama, na anayeona kupumua ni dhambi basi aache.

Mimi alinipa masharti yangu peke yangu, maana nyonga mpya ina adabu zake. Usikunje paja likakaribia tumbo. Usipishanishe miguu. Usigeuke ghafla ukiwa umeuegemea mguu ule. Usikalie kigoda. Kwa hiyo wenzangu wakilala chini, mimi nililala juu ya mabenchi mawili yaliyounganishwa na kutandikwa godoro, mto katikati ya magoti, nikawa nanyanyua kiuno taratibu na kukishusha taratibu, huku nimevuta tumbo ndani (mwalimu alijua namna ya kumwambia fundi: "Mama Nyamizi, fanya kama unafunga zipu ya sketi iliyokubana"). Mengine niliyafanya nimeshika kiti. Miezi mitano tangu upasuaji nikawa nakwenda sokoni na kurudi kwa miguu, na kikapu mkononi. Na kwa nini nisitembee? Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi, alitoka hapa hapa Unyanyembe na pembe ya ndovu begani akaenda nayo mpaka pwani, sasa mimi nishindwe kufika sokoni?

Tatizo halikuwa nyonga, tatizo lilikuwa Nyamizi. Huyu ni binti yangu mkubwa, ameolewa Igunga, na tangu upasuaji alikuwa na wimbo mmoja tu: mama uhame, mama uje ukae na sisi, chumba nimeshakipaka rangi. Mimi ni mjane, naishi peke yangu, na kila nikichelewa kupokea simu Nyamizi anaona jeneza. Sasa Igunga sina ugomvi nayo, mchele wao nakula kila siku. Lakini mlango wangu naufungua mwenyewe na kuufunga mwenyewe, wateja wangu wananijua, na cherehani yangu niliiinua kwa matofali ili nisikae chini sana, nikaendelea na kazi. Nikienda kukaa kwa mtu, hata awe mwanangu wa kumzaa, nitakuwa mgonjwa wa kudumu anayeletewa uji.

Halafu kuna habari ya mkwe. Mume wa Nyamizi anaitwa Jilala, dereva wa lori, mwili kama kabati, mpole, ila amelelewa na bibi yake kijijini, na mambo ya ukwe ameyameza mazima mazima. Kwetu sisi mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawatazamani usoni, wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja anaingia porini. Siku hizi mjini watu wamelegeza, lakini Jilala hajalegeza hata uzi mmoja. Miaka kumi na moja ananisalimia akiwa ametazama paa. Niambieni, tungekaaje nyumba moja? Yeye angekula nje kama mlinzi, mimi ningeshinda nimejificha jikoni.

Basi Ijumaa moja wakaja wote wawili na Canter, kabisa kabisa kunichukua. Nikawaka. Nikamwambia Nyamizi, mimi najiweza, tena nafanya mazoezi ambayo wewe mwenyewe na hicho kiuno chako huyawezi. Akanitazama, akakunja mikono (amenirithi), akasema: "Sawa mama. Kesho nakuja kukuona kwenye hayo mazoezi. Nikiona unajiweza kweli, nitanyamaza zangu. Nisipoona, unapanda gari kesho hiyo hiyo."

Kwa hiyo ulikuwa mtihani, mnaona? Na siku ya mtihani mwalimu hakuwepo. Jioni ile ile Mwalimu Pelagia alinipigia kwamba anakwenda Kipalapala kwenye shughuli ya mpwa wake anayesoma seminari, na kwamba darasa atalishika binti mmoja kutoka Dar anayeitwa Doreen, anajua kazi. "Ila Mama Nyamizi, kabla hajaanza mwambie habari za nyonga yako. Mwambie wewe mwenyewe." Nikajibu, "Nitamwambia, mwalimu, ondoa shaka." Na wakati nasema hivyo nilimaanisha.

Asubuhi nikafika ukumbini nimevaa suruali ya kubana aliyoniachia mwanangu mdogo, juu yake kanga, na mkeka kwapani. Nyamizi alikaa kwenye benchi la ukutani kama msimamizi wa mitihani. Jilala alibaki nje kwenye gari, maana hata kwa dawa asingeingia mahali mama mkwe wake ananyoosha miguu. Doreen alikuwa binti mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza, akatusalimia shikamooni kwa heshima, halafu akauliza, tena wazi, tena mara mbili, hilo lazima nimtendee haki: "Mama zangu, kuna aliyefanyiwa upasuaji wowote? Kuna mwenye presha, mgongo, magoti? Niambieni sasa hivi, hakuna aibu, kila mtu ana namna yake ya kufanya."

Pembeni yangu alikuwa Bi Zuwena, jirani yangu na shoga yangu wa siku zote, akanipiga kiwiko. Nami nikamtazama Nyamizi. Nikafikiri: nikisema tu, nitawekewa kiti, nitakaa juu ya kiti nikizungusha mikono kama mgonjwa anayesubiri kuitwa kwa daktari, na mwanangu ataona mgonjwa. Nikafunga mdomo. Ndugu zangu, mkasa wote huu mnaousikia ulitoka pale, kwenye mdomo ule uliofungwa kwa nusu dakika. Na kana kwamba haitoshi, kile kiti changu cha kila siku nikakisukuma kwa Bi Zuwena nikasema kwa sauti ya kusikika, "Kaa wewe shoga yangu, na huo mgongo wako." Bi Zuwena alinitazama kwa jicho ambalo mpaka leo nalikumbuka.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, na hapo ndipo shetani anapopenda kukaa. Tukapumua, tukanyoosha mikono, tukafanya mkao wa mti, nikasimama kwa mguu wa kushoto vidole vya mkono vimegusa ukuta kidogo tu, nikamwona Nyamizi amekunjua mikono yake. Kichwa kikavimba. Doreen aliposema sasa tunakwenda chini, nikaenda chini. Nilitandika mkeka wangu wa ukindu juu ya ile sakafu nyekundu, ambayo akina mama wa usafi walikuwa wameipiga dawa ya kung'arisha na kuisugua jana yake mpaka unajiona sura, na mkeka juu ya sakafu ile hautulii, unateleza kama sabuni. Niliona. Nikajifanya sijaona.

Ndipo likaja hilo la njiwa. Kwa msiolijua, mkao wa njiwa unakunja mguu mmoja mbele yako, mwingine unaunyoosha nyuma, halafu unainama. Doreen alisema, na hili pia nimtendee haki: "Asiyeweza abaki amelala chali apumue tu, hakuna mashindano." Kwangu yalikuwepo mashindano, kati yangu na Canter. Nikaukunja mguu wa kulia, ndiyo, ule ule, mbele. Nyonga ikaninong'oneza. Nikaiambia nyamaza, Nyamizi anaangalia. Nikainama, tena si sana, na kwa kweli nadhani ningeinuka salama nikawa shujaa, kama mlangoni kusingetokea sauti nene ikisema, "Hodi humu! Mama Wande, simu yako inaita sana."

Wande ni mjukuu wangu, na Mama Wande ni Nyamizi. Na mwenye sauti alikuwa mkwe.

Sasa niambieni, mwanamke wa Kinyamwezi aliyelelewa vizuri, yuko chini na suruali ya kubana, miguu huku na huku, makalio yametazama mlango, anasikia sauti ya mkwe nyuma yake, anafanya nini? Hafikiri. Mwili wenyewe unaruka. Niligeuka nyuma kwa nguvu zote kuivuta kanga yangu niliyoitundika kwenye kiti cha Bi Zuwena, mkeka ukateleza kwenda upande wake, mguu wa nyuma ukaenda na mkeka, wa mbele ukabaki, na kwenye nyonga nikasikia kitu kikigoma, kama mlango uliovimba kwa mvua. Nikapiga ukelele uliosimamisha wapita njia barabarani. Kanga nayo sikuipata. Masharti yote ya Mwalimu Pelagia niliyavunja kwa mpigo mmoja.

Jilala alitupa simu chini akageukia nje, akasema, "Samahani mama! Sijaona kitu!" Mtu akikwambia hivyo ujue ameona vyote.

Wakanijia wote kwa pamoja. Mmoja kashika kwapa, mwingine kashika kiuno, mwingine anasoma Salamu Maria, nikawafokea, "Msinishike! Asiniguse mtu!" Si kwa jeuri, jamani, kwa woga. Katika miezi ile mitano sikuwahi kuogopa hivyo. Nilikuwa nimelala kifudifudi nikinusa dawa ya sakafu, nikiwaza kwamba nyonga imechomoka, kwamba narudi Mwanza, narudi kwenye magongo, na safari hii sitayaacha, na nyumba yangu naiaga. Nyamizi alikuwa ameshika kichwa anasema nilijua, nilijua, nilijua.

Doreen akapiga magoti mbele yangu, sauti ya kubembeleza imekwisha. "Mama, hiyo nyonga ina nini?"

Nikaanza kupapasa kanga yangu.

Bi Zuwena ndiye aliyejibu, kutoka juu ya kiti changu: "Ni ya chuma. Ina miezi mitano. Na mimi nilimpiga kiwiko."

"Mama! Si niliuliza? Kwa nini hukuniambia?"

Nami, nikiwa kifudifudi, kichwa chini makalio juu, nikamjibu, "Hukuuliza vizuri." (Nimemwomba radhi baadaye, msinitazame hivyo.)

Akampigia Mwalimu Pelagia akaweka sauti ya nje. Mwalimu aliposikia aliliita jina langu mara moja tu, na sauti ile ilinichapa kuliko fimbo. Halafu akaanza kuuliza kwa utaratibu: mguu umeonekana mfupi kuliko mwenzake? Umegeuka upande? Vidole vinacheza? Kuna ganzi? Doreen akatazama, akagusa, akajibu hapana, hapana, vinacheza, hakuna. Ukumbi mzima ulishusha pumzi. Wakaingiza mito chini ya paja, mguu ukakunjuliwa taratibu mno, nikageuzwa upande wa kushoto na mto katikati ya magoti, na mwisho Bi Zuwena akanifunika ile kanga. "Mficha uchi hazai," akaniambia sikioni.

Sasa kuinuka. Mwalimu kwenye simu alikataza nisivutwe mikono. Alitaka niwe na kitu imara cha kushikilia, niinuke mwenyewe, kwa mpango. Wakaleta kiti cha plastiki, nilipokigusa kikapinda miguu (uzito wangu nausema kwa padre tu). Mabenchi na kile kiti changu cha mbao vikateleza kwenye ile dawa ya sakafu. "Basi tafuteni mtu mwenye nguvu apige goti mbele yake, awe kama nguzo, Mama Nyamizi amshike mabegani," mwalimu akasema. Tukatazamana. Bi Zuwena ana mgongo, wengine wana presha na magoti, Doreen ukimpulizia anaanguka. Macho yote yakaenda mlangoni, ambako mgongo mpana wa Jilala ulikuwa umeuziba mwanga.

"Baba Wande, njoo umsaidie mama," Nyamizi akalia.

"Mama Wande, hilo haliwezekani. Yule ni mama yako."

"Si ndiyo nakwambia ni mama yangu!"

"Nitamshikaje mama mkwe? Bibi akisikia nitakwenda wapi? Na mama mwenyewe ataniona mtu gani?" Masikini, alikuwa anatokwa jasho mgongoni mpaka shati limeganda.

Hapo nikachoka. Sakafu ilikuwa baridi, nyonga inawaka, na watu wawili wanabishana juu yangu kana kwamba mimi ni gunia lililoanguka barabarani. Miaka kumi na moja sikuwahi kumwita kijana yule moja kwa moja, maneno yangu yalipitia kwa mkewe. Nikapaza sauti: "Baba Wande! Wewe si dereva? Ingia kinyumenyume!"

Halafu, ndugu zangu, akaanza kurudi. Uso umetazama nje, mikono imeshika mapaja, hatua moja, nyingine, na akina mama wa Kanyenye, ambao wote wamekulia kando ya barabara ya malori, wakaanza kumwelekeza bila hata kupanga: rudi, rudi, njoo, njoo, kata kushoto, unagonga benchi, nyoosha, rudi tena, rudi... "Hapo hapo!" akafoka Bi Zuwena, akapiga ubao wa kiti kwa kiganja pa! pa! kama utingo anayepiga bodi ya lori, na Jilala akasimama papo hapo akapiga goti moja chini, mgongo kwangu, macho ameyafumba. Mtu mmoja akaanza kucheka, akafuatia mwingine, nikamsikia hata Mwalimu Pelagia kwenye simu anakohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa.

Mimi sikucheka. Nilifuata maneno ya mwalimu moja moja. Lala upande wa mguu mzima. Jisukume kwa mikono. Goti la mguu wa nyonga mpya liwe chini, unyayo wa mguu mzima uje mbele. Vuta tumbo. Pumua. Nikaweka mikono kwenye mabega ya mkwe wangu, nikayasikia yamekakamaa kwa hofu, nikasema moyoni wahenga mnisamehe, nikasukuma kwa mguu wa kushoto. Nikasimama. Kuna aliyepiga makofi, na nikimjua sitamsamehe.

Tulikwenda hospitali, wakanipiga picha. Nyonga ilikuwa mahali pake, msuli wa paja ndio uliovutika, nikapewa dawa na wiki tatu za kwenda polepole. Mwalimu Pelagia alitukuta pale, bado na gauni la sherehe, akaitazama picha, akanitazama mimi, akasema mbele ya watu: "Mama Nyamizi, nyonga yako haina kosa, na mazoezi hayana kosa. Kosa liko kwenye mdomo. Kwenye umbea unafanya kazi vizuri sana, ukiulizwa swali la maana unafunga." Nililimeza. Lilikuwa langu.

Nyumbani nilimkuta Nyamizi anakunja nguo zangu na kuzitia kwenye sanduku, machozi yanadondokea kwenye nguo. Nikamwambia, "Zirudishe." Akasema mama, umeanguka. Nikasema sikuanguka, nilinasa, na nilinasa kwa sababu nilisema uongo, tena nilisema uongo kwa sababu yako wewe na hicho chumba ulichokipaka rangi, kwa hiyo kama ni kulia tulie wote. Akaitupa sketi niliyokuwa nimeishona kwa mikono yangu, akapiga kelele ambazo hajawahi kunipigia: "Wewe unadhani nataka kukufunga! Naogopa, mama! Baba alikufa peke yake kwenye kile kiti cha sebuleni, mimi niko njiani nakuja. Sitaki kufika nimechelewa tena!"

Nilikaa kitandani. Hilo hakuwahi kulisema. Miaka yote nilidhani ananiona mzee, kumbe alikuwa ananiona marehemu baba yake. Nikamshika mkono, nikamketisha kando yangu.

Ndipo ikasikika sauti ya Jilala kutoka barazani. Alikuwa amekaa pale ametupa mgongo, anatazama barabara, na alisema na mkewe kama desturi ilivyo, ila kwa sauti ya kunifikia mimi.

"Mama Wande, mimi kazi yangu ni mizigo. Gunia likiniegemea najua kilo zake kabla halijapimwa. Pale ukumbini nilijiandaa kubeba. Nilikaza mgongo, nikasema leo navunjika. Sikubeba kitu. Mikono ilinigusa tu. Mama alisimama mwenyewe." Akakung'uta vumbi viatuni. "Mtu anayesimama mwenyewe hapakiwi kwenye gari."

Nyamizi alilia zaidi, lakini nguo alizitoa sandukuni.

Kwa hiyo nipo. Makubaliano yetu ni kwamba kila asubuhi nampigia mimi kabla hajanipigia yeye, na nikichoka kweli nitasema kwamba nimechoka. Jilala bado ananisalimia akitazama paa, ila sasa naona meno. Na mimi nimeapa: kuanzia leo hadi siku nitakayolazwa chini ya udongo, yeyote atakayesimama mbele yangu kunifundisha hata kunyoosha kidole ataanza kwa kusikia habari za nyonga yangu, upande gani, mwezi gani, haikunjwi wapi, apende asipende. Kiti changu nimekirudisha, mkao wa njiwa nimewaachia njiwa wenyewe, na mabenchi yangu mawili na godoro yananisubiri. Ila msidhani nitaacha. Jumamosi saa mbili asubuhi niko ukumbini Kanyenye, na anayetaka kuja kunicheka anakaribishwa sana, ila avue viatu mlangoni.